Kijiko cha fedha hakijui sumu: tunakisoma upya kitabu cha uyoga wa Tanzania

Mvua zikishakolea, uyoga huanza kuonekana kando ya barabara kwenye ukanda wa miombo, kuanzia Tabora mpaka Iringa na Ruvuma, umepangwa kwenye mabeseni na ndoo. Maelekezo nayo huanza kuzunguka, kwa mdomo na kwa simu. Uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Uyoga wa sumu una rangi kali. Ngozi ya kofia ikimenyeka, kula. Chemsha pamoja na kijiko cha fedha au kitunguu saumu, kikigeuka cheusi mwaga sufuria yote. Ukiota kwenye kichuguu, usiulize maswali.

Sasa, mtu anayetaka kuchuma uyoga leo bila kujiua ashike mwongozo gani? Tumeweka mitatu mezani: hizo kanuni za mdomo, programu za simu zinazotambua uyoga kwa picha, na kitabu kimoja kilichochapishwa Helsinki mwaka 2003, *Tanzanian Mushrooms: Edible, Harmful and Other Fungi*, cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi. Viwili vya kwanza tutavipitia haraka, kwa sababu kasoro zake ndizo zinazoonyesha kwa nini hicho kitabu bado kina thamani, na pia kinapungukiwa wapi.

Kanuni za mdomo

Tuzipime kwa uyoga mmoja tu, *Amanita phalloides*. Asili yake ni Ulaya, na umesafirishwa pamoja na mizizi ya miti mpaka Afrika Kusini, Australia na Amerika Kaskazini. Sehemu kubwa ya vifo vinavyotokana na uyoga duniani ni kazi yake.

Rangi kali? Hauna. Kofia yake ni ya kijani kilichofifia, wakati mwingine karibu nyeupe. Ngozi kumenyeka? Inamenyeka vizuri tu. Wadudu? Konokono wanaula, na wapo inzi wadogo wa jamii ya *Drosophila* ambao mabuu yao hukulia ndani ya uyoga wenye sumu hiyohiyo bila kudhurika. Mwili wa inzi si mwili wako. Kijiko cha fedha? Fedha huwa nyeusi ikikutana na misombo ya salfa, ndiyo maana hata yai la kuchemsha huichafua. Sumu ya uyoga huu haina habari na kijiko chako. Ladha mbaya je? Watu waliougua na kupona wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Kwa hiyo uyoga mmoja unafaulu mitihani yote mitano na bado unaua. Hapo hakuna sababu ya kuirekebisha kanuni au kuiongezea masharti. Inatupwa. Tatizo liko kwenye wazo lenyewe kwamba "sumu" ni kitu kimoja chenye alama moja. Uyoga una sumu za aina nyingi zisizohusiana kabisa: nyingine hushambulia ini, nyingine figo, nyingine mfumo wa fahamu, nyingine hukutapisha tu na kukuacha. Hakuna kipimo cha jikoni kinachoweza kuzikamata zote.

Ile kanuni ya kichuguu inastahili heshima kidogo zaidi, maana ndani yake kuna elimu ya kweli. Uyoga wa jenasi ya *Termitomyces* huishi kwa ushirikiano na mchwa. Mchwa huulima chini ya ardhi kwenye masega yao, na msimu ukifika hutoa shina refu linalopenya udongo mpaka juu. Uyoga huu ni chakula maarufu Afrika nzima ya kitropiki. Lakini kichuguu ni anwani, na anwani moja inaweza kuwa na wapangaji wengi. Uyoga mwingine nao unaweza kuota palepale juu ya udongo bila uhusiano wowote na mchwa. Anayejua kazi huchimba taratibu, akifuata ule mzizi mrefu uone unaelekea wapi. Kanuni ilipofupishwa ili ienee haraka, sehemu ya kuchimba ndiyo iliyoachwa.

Simu

Programu za kutambua uyoga kwa picha zimekuwa nzuri kuliko zilivyokuwa miaka kumi iliyopita, na kwa kazi ya kupata pa kuanzia hatuna ugomvi nazo. Ugomvi unaanza pale mtu anapozitumia kuamua chakula cha jioni.

Kwanza, angalia picha haioni nini. Uyoga wengi wa jenasi ya *Amanita* wana kifuko kama kikombe chini kabisa ya shina, na mara nyingi kimefukiwa udongoni. Ukiukata uyoga kwa kisu juu ya ardhi, umeacha kitambulisho chake shimoni. Picha haioni harufu. Haioni rangi ya spora, yaani zile chembe za uzazi, ambayo unaipata kwa kulaza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, kuifunika kwa bakuli na kuiacha usiku kucha. Kipimo hicho cha karatasi ni muhimu mno kwa *Chlorophyllum molybdites*, uyoga mkubwa mweupe unaopenda viwanja vya nyasi katika nchi za joto. Ukiwa mchanga unaonekana kama chakula kabisa. Kwenye karatasi, spora zake hutoka za kijani, wakati za *Termitomyces* huelekea uwaridi. Ukiula, utatapika na kuharisha kwa saa kadhaa.

Pili, ile asilimia. Programu ikikuandikia asilimia 92, watu husoma kama vile imesema "kuna asilimia 92 kwamba hutakufa". Hapana. Inasema kati ya aina inazozijua, picha yako inafanana zaidi na hii. Kama uyoga wako haumo kwenye orodha yake, mara nyingi haitakwambia "sijui", itakupa jirani. Na picha zilizopo mtandaoni, ambazo ndizo zinazozifundisha programu hizi, nyingi ni za Ulaya na Amerika Kaskazini. Uyoga wa Singida unalazimishwa kufanana na wa Sweden.

Vitabu navyo havijasalimika. Mwaka 2023 chama cha wapenzi wa uyoga cha New York kilitoa tahadhari hadharani kuhusu vitabu vya kuchuma uyoga vilivyokuwa vikiuzwa mtandaoni huku vikionekana kuandikwa na kompyuta, bila mtu aliyewahi kuinama msituni. Kwenye fani hii maelezo yanayosomeka vizuri lakini si ya kweli yanaweza kumfikisha mtu kaburini.

Kitabu chenyewe

Sasa twende kwenye kitabu. Kina kurasa 200 na picha za rangi. Härkönen na Niemelä ni wataalamu wa kuvu kutoka Finland. Mwasumbi alikuwa mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya kitabu, Härkönen na wenzake walichapisha miaka ya 1990 mfululizo wa makala kuhusu uyoga wa Tanzania na matumizi yake. Ndiyo maana kitabu hakisomeki kama kazi ya mgeni aliyepita mara moja na kamera.

Ubora wake mkubwa ni njia yake ya kufanya kazi. Waandishi waliwauliza wanaokula. Uyoga haukuingia kwenye kundi la unaolika kwa sababu unafanana na ndugu yake wa Ulaya. Uliingia kwa sababu kuna watu, mahali fulani, wenye jina lake kwa lugha yao, wanaoujua na kuula. Kisha sampuli inachukuliwa, inakaushwa, inahifadhiwa, ili hata miaka hamsini baadaye mtu aweze kuhakiki kwamba jina na kitu vinakwenda pamoja. Ushahidi wa mlaji na ushahidi wa maabara umewekwa upande kwa upande.

Umuhimu wa hili unaonekana kwenye *Amanita*. Miongozo mingi ya Ulaya humpa anayeanza ushauri mmoja: ukiona pete kwenye shina na kifuko chini, achana nao. Kwa Ulaya ni ushauri mzuri, kwa sababu *Amanita phalloides* ana vyote viwili. Lakini kwenye miombo kuna *Amanita* wanaoliwa kwa vizazi, akiwemo aliyekuwa akiitwa *Amanita zambiana*, mwenye kifuko vilevile. *Amanita tanzanica*, ambaye Härkönen na Saarimäki walimpa jina la kisayansi mwaka 1994, naye ni chakula. Mtaalamu aliyekuja na kanuni ya kwao mfukoni angewaambia wanakijiji wanakula kifo. Hawa waliuliza kwanza.

Sayansi haikuwa ya kwanza kufika, na kitabu kinalijua hilo. *Termitomyces singidensis* amebeba jina la Singida. Kule Zambia, *Lactarius kabansus* ameitwa hivyo kutokana na kabansa, jina lake la Kibemba. *Termitomyces titanicus*, ambaye kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja, aliandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1980. Waliokuwa wakimla walikuwa wanamwita kwa jina siku zote.

Panapopungua

Lakini kusifu peke yake si uhakiki. Tuna hoja tatu.

Ya kwanza ni lugha. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Helsinki. Mama anayechuma Tabora, mgambo wa msitu, daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya: hao ndio wanaokihitaji, na ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kukishika. Tatizo si la waandishi peke yao. Kiswahili sanifu kina "uyoga", neno moja la jumla kwa maelfu ya aina, wakati lugha za watu wa miombo zina majina aina kwa aina. Mtoto akikulia mjini akajua "uyoga" tu, amepoteza zaidi ya msamiati. Amepoteza ile tofauti ambayo majina yalikuwa yanamwekea. Usalama wa bibi yake ulikaa ndani ya majina.

Ya pili ni umri. Tangu 2003 uchunguzi wa vinasaba umebadilisha majina mengi. *Lactarius edulis* sasa ni *Lactifluus edulis*. *Amanita zambiana* siku hizi huitwa *Amanita loosii*. Wisogoro wa manjano wa jenasi ya *Cantharellus*, kama utaruhusu tuutumie mfano huo kwa jamii nzima, wamepangwa upya mara kadhaa. Mwanafunzi akichukua jina la kitabu na kulitafuta mtandaoni anaweza kuangukia mjadala usiohusiana na uyoga alioushika. Toleo jipya linadaiwa.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo inahusu ile njia tuliyoisifu. Ushahidi wa mlaji una mipaka. Mapokeo ni hodari kutambua uyoga unaoua haraka: watu wakila leo wakafa kesho kutwa, kijiji hakisahau. Sumu ya polepole ni habari nyingine. Ulaya, *Paxillus involutus* uliliwa kwa muda mrefu, mpaka ikajulikana kwamba kwa baadhi ya watu kuula mara kwa mara huufanya mwili kuziharibu seli zake wenyewe za damu. Mtaalamu wa uyoga wa Ujerumani, Julius Schäffer, alikufa mwaka 1944 baada ya kuula. *Tricholoma equestre* ulihesabiwa kuwa uyoga wa mezani Ufaransa, hadi mwaka 2001 madaktari waliporipoti watu 12 walioharibika misuli baada ya kuula milo kadhaa mfululizo, watatu walifariki. Kwa hiyo "watu wanaula" ni ushahidi mkubwa, lakini unatakiwa uje na maelezo: nani, wapi, kiasi gani, wameupika vipi.

Hilo la mapishi waandishi wa Finland wanalifahamu vizuri, maana kwao *Gyromitra esculenta* huuzwa sokoni ingawa ni sumu ukiwa mbichi, na sharti lake ni kuambatana na maelekezo ya kuuchemsha na kumwaga maji. "Unaolika" bila mapishi ni nusu ya taarifa.

Elimu inayokataa kusafiri

Kuna jambo moja ambalo kitabu kinalidokeza kwa jina lake tu, *uyoga wa Tanzania*, na ambalo tungependa lingepigiwa mstari. Elimu ya uyoga ni ya mahali. Vuli ya mwaka 2015, wakimbizi waliofika Ujerumani walichuma uyoga waliodhani wanaujua. Wengi waliugua vibaya, na hospitali ya chuo cha udaktari cha Hannover ikatoa mabango ya tahadhari kwa lugha kadhaa, Kiarabu na Kikurdi zikiwemo. Desemba 2016, kaskazini mwa California, watu 14 walipata sumu ya *Amanita phalloides*; watatu walihitaji kupandikizwa ini. Kati ya wanaokumbwa na ajali za namna hii huko Marekani wamo wahamiaji kutoka Asia, wanaoona uyoga unaofanana na ule wa majani ya mpunga wa nyumbani. Si wajinga. Walijua vizuri, ila walichokijua kilikuwa cha msitu mwingine.

Wala huhitaji kuvuka bahari. Kwetu msitu wenyewe umehama. Miti ya miombo kama miyombo na mitundu huishi kwa kubadilishana chakula na uyoga kwenye mizizi, na ndipo wanapotoka *Cantharellus*, *Lactarius* na *Amanita* tunaowala. Miombo ikikatwa kwa mkaa, uyoga huo huondoka nayo. Misindano ikipandwa, huja na wageni wake, akiwemo *Amanita muscaria*, mwekundu mwenye vidoa vyeupe. Vidoa hivyo huoshwa na mvua. Ukikumbuka kwamba miongoni mwa *Amanita* wa miombo wapo wekundu wanaoliwa, utaona hatari iliko. Moja ya makala za mwaka 1994 iliwashughulikia hao hasa, wekundu wa kula na wekundu wa sumu. Mzee aliyefundishwa kwenye miombo hakupewa jina la huyu mgeni.

Mwongozo tunaoutaka

Tungependa kuona kijitabu cha Kiswahili cha mkoa mmoja, chenye aina kumi tu. Kila aina ipewe kurasa mbili: jina la kisayansi na majina ya wenyeji, picha ya kofia juu na chini, picha ya shina likiwa limechimbuliwa zima, rangi ya spora, mti au kichuguu unapoota, namna ya kupika, na ukurasa wa pili wote uwe wa wanaofanana naye. Aina ya kumi na moja isiwepo. Mtu anayezijua kumi kwa uhakika yuko salama kuliko anayezijua mia kwa kukisia.

Na ukurasa wa mwisho uhusu hospitali. Sumu ya *Amanita phalloides*, amatoksini, haiharibiwi kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha. Inafunga kimeng'enya ambacho seli hutumia kunakili maelekezo ya DNA, na ini ndilo linaloumia zaidi. Dalili huchelewa: saa 6 au zaidi baada ya kula ndipo matapishi na kuhara huanza. Baada ya hapo huja kipindi cha nafuu, siku moja hivi au zaidi, mgonjwa anakaa, anaongea, watu wanashukuru Mungu. Wakati huohuo ini linakufa. Wengi hupotezea muda hapo. Kwa hiyo, ikiwa mtu ameumwa baada ya kula uyoga, hata akijisikia nafuu, aende hospitali siku hiyohiyo, na wote waliokula sufuria moja waende naye. Bebeni mabaki, mabichi na yaliyopikwa, ndani ya karatasi au bahasha. Kwenye mfuko wa plastiki yanaoza haraka. Mwambieni daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Hakuna dawa moja ya uhakika, lakini kuwahi kunaongeza nafasi ya kupona.

Hukumu yetu basi: kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi kinabaki kuwa mwongozo bora kati ya hii mitatu, kwa tofauti kubwa. Kisome maktaba, hakiki majina mapya, na usikigeuze kuwa leseni ya kula. Ukienda msituni, nenda na mtu wa palepale anayekula uyoga wa palepale, uchimbe shina lote, ulaze kofia kwenye karatasi. Ukibaki na shaka hata kidogo, uache ulipo. Na kama unatafuta mada ya tasnifu, aina zile kumi kwa Kiswahili bado zinamsubiri mtu.